Mbeleko ya Fundi Jaji

Asubuhi ile Fundi Jaji alikuta kitambaa kimefungwa kwenye kitasa cha duka lake. Alikipapasa. Pamba nzito, imefuliwa mara nyingi, ndefu kuliko ilivyo pana, kingo zimechanwa kwa mkono na nyuzi zinaning'inia. Akasema moyoni, kuna mteja kapita mapema, kakuta duka limefungwa, kakiacha hapo, atarudi kujieleza. Wateja wa namna hiyo hawakosekani. Anakuachia kitambaa bila kusema anataka nini, halafu jioni anakuja na makelele kwa nini hakijawa tayari. Fundi akaona heri amalize kazi kabla ya makelele. Alikaa kwenye cherehani, akapinda upindo mwembamba pande zote nne, akakata nyuzi, kisha akakitundika nje kwenye kamba ya nguo zilizokwisha ili mwenyewe akipita akione.

Aliyekiona kwanza alikuwa fundi viatu, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mtu asiyepitwa na jambo. Alicheka mpaka nyundo ikamdondoka.

"Jaji, hicho umekitundika mwenyewe?"

"Nimekipinda. Kinamsubiri mwenyewe."

"Mwenyewe si wewe? Hukusoma kilichoandikwa?"

"Nimesoma," Jaji akasema haraka, na hakuwa amesoma kitu.

Fundi viatu akavuka barabara na kuwasomea wapita njia kwa sauti ya mtangazaji: "Mbeleko ya Tingatinga. Itumiwe na Jaji peke yake." Maneno yalikuwa yameandikwa kwa wino mzito juu ya kitambaa cha kijivu, na Jaji alikuwa ameyageuza, bila kujua, yaangalie barabarani.

Mbeleko kila mtu anaijua, ni kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni. Lakini watu wa michezo wamelichukua neno hilo wakalifanya lao. Mwamuzi akimpendelea mchezaji, wanasema kambeba, na mtu akibebwa basi lazima mbeleko ipo. Jaji alikitungua kile kitambaa, akakikunja, akakitupia juu ya kabati. Kufika mchana mtaa ulikuwa na habari iliyoiva: Jaji hana haya hata chembe, kafanyiwa dhihaka, na badala ya kuichana kaipinda upindo na kuianika. "Ameshiba huyo," wakasema. Naye hakuweza kuwaambia kwamba hakuyaona maandishi, maana hilo ndilo neno ambalo angekufa nalo kuliko kulitoa.

Huyu bwana hakuzaliwa na jina la Jaji. Alizaliwa fundi, tunaweza kusema, kwa kuwa baba yake alikuwa fundi na cherehani ni ile ile. Ujanani alipigana ngumi za ridhaa, akapigwa vya kutosha kujua kwamba kipaji chake hakiko ulingoni, akahamia mezani kwa majaji. Huko ndiko alikopata heshima. Majaji wenzake walikaribishwa chakula na mapromota kabla ya pambano, wakaenda. Yeye alikuja na chupa yake ya maji kutoka nyumbani, akaiweka chini ya kiti. Akiletewa soda alisema, "Nimeshakunywa." Mabondia walimtania kwamba hata mate ya ukumbini hayamezi. Lakini wakisikia yeye ndiye jaji, walishusha pumzi. Wengi wao walivaa bukta alizozishona yeye, na hakuna aliyewahi kusema bukta ilimpatia pointi.

Jina likawa kubwa kuliko duka, na mwenyewe alilipenda, tusimfichie. Alipenda kuitwa Jaji na watu wasiojua ngumi ni nini. Alipenda kuulizwa sokoni nani kamtangulia nani kwenye foleni. Mtu akiipenda heshima namna hiyo anakuwa mwoga wa kuipoteza, na huo woga ndio uliokuwa ugonjwa wake wa kwanza. Wa pili ulikuwa mtoto wa jicho.

Ulikuja kama ukungu, macho yote mawili. Kwa karibu alijimudu, vidole viliijua kazi. Kilichomshinda ni tundu la sindano. Siku moja mkewe alimkuta dirishani amekodoa macho, uzi unapita kushoto, uzi unapita kulia, na yeye anakilaani kiwanda cha sindano. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mtu wa maneno machache. Kesho yake kabla ya kwenda kazini alikaa akatunga nyuzi kwenye sindano zote, nyeusi, nyeupe, za buluu, akazichomeka kwenye kimto. Na kesho kutwa tena. Jaji hakuuliza, mke hakueleza, ikawa siri ya watu wawili wasioizungumza hata wao kwa wao. Hospitali alikuwa anakwenda, siku zote wiki ijayo. Aliogopa kusikia daktari akilisema lile neno. Likishasemwa, chama cha ngumi kingemweka mezani kwa lipi, na nani angempelekea suti fundi asiyeona?

Sasa lile pambano. Tingatinga alikuwa bondia wa nyumbani, kifua kipana, mashabiki wanakuja na ngoma na filimbi. Mpinzani wake aliitwa Kimya. Alikuwa kijana wa kutoka mbali, hakuwa na mtu ukumbini isipokuwa kocha wake, na jina alilipata kwa sababu hatambi kabla ya pambano wala halalamiki baada yake. Mshindi angekwenda kugombea mkanda mkubwa. Kwa Tingatinga ilikuwa nafasi nyingine. Kwa Kimya ilikuwa ndiyo hiyo hiyo moja.

Taa za ulingoni zilipowashwa, macho ya Jaji yakajaa maziwa. Kwenye mwanga mkali ndiko mtoto wa jicho anakotesa zaidi. Aliona vivuli viwili, kimoja kipana na kimoja chembamba. Ngumi zenyewe hakuziona. Angeweza kuinua mkono akasema, jamani, leo siko vizuri, tafuteni mwingine. Hakuuinua. Akatega masikio badala yake. Glavu ikitua kwenye mkono inalia kavu, ikitua mbavuni inalia nzito, na kwa hilo aliivuka raundi ya kwanza. Halafu ngoma zikaanza. Tingatinga akirusha mkono, upate mtu au upate hewa, ukumbi unapasuka kwa shangwe. Kimya akipiga, watu wananyamaza. Na Jaji wetu, shangwe zikipanda, aliandika kwamba ngumi imeingia. Ukumbi ukinyamaza, aliona hakuna kilichotokea. Kumbe ule ukimya ndio uliokuwa ngumi.

Kati ya majaji watatu, mmoja alimpa Kimya. Wa pili alimpa Tingatinga, na wenye kujua wanasema alikuwa na lake, lakini sisi hatukukaa mezani kwake. Karatasi iliyoamua ni ya Fundi Jaji. Tingatinga alipotangazwa mshindi, Jaji alingoja shangwe zile zile alizokuwa akizipa pointi. Hazikuja. Mashabiki wa nyumbani wenyewe walipigwa na butwaa. Tingatinga alikuwa ameketi konani jicho limevimba likafumba, na mkono wake uliinuliwa na mwamuzi, hakuuinua mwenyewe. Kisha kuzomea kukaanza nyuma ya ukumbi kukaja mbele. Promota akapita mezani akamshika Jaji mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, umetuheshimisha."

Hapo ndipo Jaji alipojua ameharibu. Mkono wa promota ulikuwa na joto, naye aliusikia kwenye kiganja chake njia nzima ya kurudi nyumbani.

Tangu siku hiyo habari ilikuwa moja tu mjini: pambano lilipangwa, na Jaji amekula. Kilichowauma watu ni kwamba aliyekula ni yule wa chupa ya maji. Jioni ya siku ile ya kitambaa, mkewe alifika kutoka kazini, akavua viatu, akauliza kama alivyouliza jioni zote za ndoa yao.

"Umekula?"

"Na wewe unaniuliza hivyo?"

Mama wa watu akabaki na sufuria mkononi. "Nauliza chakula, baba watoto."

Jaji akaona aibu, akakaa. Mkewe naye akakaa. "Lakini kwa kuwa umelianzisha," akasema polepole, "huko shuleni hata watoto wanaimba. Wakija kuchukua chakula wananiuliza kama nyumbani tunakula vizuri. Niambie basi nijue. Ulikula?"

"Sikula kitu cha mtu."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini?"

Mkewe aligeuza uso. Jaji hakuona alikuwa akiangalia wapi, lakini alijua. Alikuwa anaangalia kimto cha sindano.

Mwanaume akaanza kupima moyoni, kama aliyeshika vitambaa viwili: mwizi na kipofu. Mwizi watu wanamsema, wanachoka, wanasahau, na akiwa na chochote wanamwalika harusini. Fundi kipofu hapelekewi hata suruali ya kupunguza. Akachagua wizi ambao hakuufanya, akaona amejinusuru. Lakini tangu hapo hakumtazama mtu usoni, na kama angetazama asingeona.

Siku chache zikapita, na mtu akasimama mlangoni akaziba mwanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Kimya."

Jaji aliishika meza kwa mikono yote miwili. Alitegemea tusi, na kama si tusi, ngumi, na alikwisha kuamua kwamba hataikwepa.

"Sijaja kwa ubaya," Kimya akasema. Alikuwa anayatafuta maneno, si mtu wa kuzoea kuongea. "Watu wanasema umekula. Mimi sikubali. Nilipoanza ngumi kocha aliniambia, ukimpata jaji yule wa chupa ya maji, utakachopewa ni chako. Sasa nimekaa nikafikiri. Kama wewe hukunipa, basi kuna kitu ulikiona. Nimekuja uniambie nilikosea wapi."

Kama angetukana, Jaji angemwambia ukweli, tunaamini hivyo. Lakini kuaminiwa kulimfunga mdomo. Hapa mbele yake alikuwa mtu wa mwisho duniani anayemwita Jaji kwa moyo safi, na fundi hakuwa tayari kumpoteza. Akakohoa, akachukua sauti yake ya mezani.

"Mkono wa kushoto. Ukishapiga unaushusha. Jaji hapendi kuona hivyo."

Ni neno ambalo kila mzee wa ngumi humwambia kila kijana, hata bila kumwona. Kimya aliuangalia mkono wake.

"Sikujua kama naushusha. Ahsante, mzee. Nitaurekebisha."

Akaondoka kwa heshima zote. Jaji alibaki na mkasi mkononi, akajichukia.

Habari za Kimya zilimfikia kupitia fundi viatu, ambaye redio yake haikuzimwa na mdomo wake pia. Kimya kabadilika, akasema. Siku hizi anapigana mkono wa kushoto umeganda shavuni kama mwenye jino bovu. Kocha wake kagombana naye, kamwambia mkono ule haukuwa na tatizo, Kimya anasema kuna mtu anayejua zaidi kamwelekeza. Halafu ikaja habari ya pambano dogo, na bondia wa kujazia ratiba, mtu ambaye Kimya angemmaliza huku anapiga miayo.

"Kapigwa mbavu mpaka katolewa kwa kushikiliwa," fundi viatu akasema kutoka ng'ambo. "Mkono uko juu, mbavu ziko wazi. Sijui nani kauroga ule mkono."

Jaji alijichoma sindano kidoleni, na hakuitoa mara moja.

Kimya alirudi duka lile lile. Siku hiyo shuleni kulikuwa na mitihani, mke wa Jaji aliondoka alfajiri kwenda kuwahi uji, na sindano zilibaki bila nyuzi. Kimya alitembea taratibu, anapumua nusu nusu. Alileta joho lake la ulingoni, limefumuka kwapani.

"Nilijitahidi, mzee," akasema. "Labda sikuuinua vya kutosha."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna. Nawaza mwenyewe." Akasogea katikati ya duka, akajikunja kwa maumivu, akainua ngumi zake. "Hebu niangalie. Hivi, uko juu? Au bado nashusha?"

Jaji akaangalia. Aliona mwanga wa mlango na kivuli ndani yake, basi. Kijana yule alikuwa amesimama na mbavu zake zilizopigwa, anangoja kukosolewa, anashukuru kabla hajakosolewa. Fundi Jaji alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alikuwa ameionja ya kuitwa mwizi, akaimeza. Hii ilikataa kumezeka.

Akapapasa mezani, akachukua sindano na uzi, akavinyoosha mbele.

"Nitungie."

"Nini, mzee?"

"Nitungie uzi nishone joho lako."

Kimya alishusha ngumi, akatunga, akamrudishia. Jaji hakushona. Alitafuta sindano nyingine, akainyoosha. "Na hii." Kimya alitunga ya pili. Ya tatu alikaa nayo. Redio ya fundi viatu ilisikika kutoka ng'ambo. Kisha kijana akaisogeza sindano karibu kabisa na uso wa mzee.

"Hii ina uzi au haina?"

Jaji alikodoa macho.

"Mzee. Inao au haina?"

"Sijui," Jaji akasema.

"Na mkono wangu?"

"Mkono wako hauna kosa. Sikuuona. Sikuona hata ngumi moja usiku ule. Nilisikiliza kelele, na kelele hazikuwa zako."

Kimya akaichomeka ile sindano kwenye kimto, polepole, kama mwenye kuogopa kuivunja. Hakupiga meza wala hakuinua sauti.

"Afadhali ungekula," akasema. "Aliyekula nisingekuja kumuuliza kitu."

Hakuna tusi ambalo lingemfikia Jaji pale lilipofika neno hilo. Alitaka kuomba radhi. Kimya alikuwa ameshachukua kofuli kutoka kwenye msumari wa mlangoni.

"Funga duka. Twende ukawaambie chama."

Ofisi ya chama cha ngumi ilikuwa mtaa wa tatu, mbele ya mtaro mpana wenye ubao wa kuvukia. Siku zote Jaji aliuvuka ubao ule kwa kuhesabu hatua, akijifanya anatembea kwa madaha. Leo alipoteza hesabu, akateleza, na Kimya akamdaka kiwiko, akaguna kwa ajili ya mbavu zake, asimwachie. Nyuma yao, fundi viatu alikuwa amewafuata kutoka kibarazani kwake.

"Jaji, leo ni zamu yako kubebwa?"

Watu wakacheka. Jaji hakuwa na pa kuuficha uso, akaendelea kuufuata mkono wa kijana ambaye yeye mwenyewe alimwibia ushindi.

Katibu wa chama alikuwa mtu aliyemjua Jaji tangu enzi za ridhaa. Aliwakaribisha, akauliza kuna tatizo gani. Jaji alimngoja Kimya aseme. Kimya alinyamaza, kama jina lake, na ikawa hakuna mwingine wa kusema.

"Sioni," Jaji akasema.

Katibu akacheka kidogo. "Mzee wangu, kila jaji anayesemwa anakuwa kipofu. Tafuta nyingine."

"Haoni," Kimya akasema. "Nimempima mwenyewe."

Kicheko kikaisha. Kiti cha katibu kililia akisogea mbele, na kwa muda alikuwa akiyachunguza macho ya mzee, ambayo kwa karibu yalionyesha weupe wake waziwazi kwa mtu yeyote ambaye angejali kuyatazama.

"Tangu lini?" akauliza.

Jaji alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Njia nzima alikuwa akimfikiria Kimya, dhambi moja ya mtu mmoja. Sasa nyuma ya Kimya wakaanza kusimama wengine, vivuli vyembamba na vipana, mabondia wageni ambao kumbi zilikuwa zimenyamaza wakipiga. Mmoja wao aliacha ngumi kabisa, siku hizi anabeba mizigo sokoni, na kila akipita dukani humsalimia Jaji kwa adabu.

"Hakuwa wa kwanza huyu," akasema.

Mkono wa Kimya, uliokuwa bado umeshika kiwiko chake tangu mtaroni, ukaachia.

"Kaa hapo," katibu akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayemjua. "Wataje."

Jaji akapapasa kiti, akakaa. Nyuso zao hakuwa nazo. Akaanza na yule wa sokoni, ambaye kiuno chake alikijua vizuri, kwa kuwa bukta aliyoivaa usiku ule aliishona yeye mwenyewe.